Shela Lililojua Kujibu

Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, kahawa ikiwa bado imeanikwa vichanjani, Mektilda alikuwa barazani kwa duka la vifaa vya baiskeli mjini Mbinga, mbele ya cherehani yake, akitia mfuko wa sita kwenye gauni lililokuwa tayari na mifuko mitano. Gauni lilikuwa lake mwenyewe. Mfuko wa kwanza ulikuwa wa utepe wa kupimia, wa pili wa chaki, wa tatu wa mkasi mdogo, wa nne wa leso, wa tano wa mapera yanapokuwepo. Huu wa sita hakuwa amejua atatia nini ndani yake, ila aliona upande wa kushoto umepooza. Mama yake alikuwa amemwuliza zaidi ya mara moja kama alizaa binti au kabati.

Mektilda hakuwa mtu wa kujibishana. Alivaa alivyotaka, basi. Vifungo vyake havikufanana hata viwili. Mkono wa kulia wa gauni uliishia kwenye kiwiko na wa kushoto ukafika kwenye kifundo, kwa sababu mkono wa kulia ndio unaozungusha gurudumu la cherehani na ndio unaopata joto. Ukimwuliza alikueleza hivyo taratibu, na ulipoondoka ulikuwa umeshaanza kuona kwamba mikono miwili iliyo sawa ni ubadhirifu wa kitambaa. Mtu aliyesimama ng'ambo ya bonde aliweza kusema yule pale ni Mektilda wa mzee Tarsisi, na hakukosea.

Kwa wengine jambo hilo lilikuwa limeanza kuwa gumu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamepanda milimani na mizani zao, nyuma yao yakapanda marobota ya mitumba, na nyuma ya marobota ikapanda fasheni. Zamani za foleni kila mtu alivaa alichopata. Aliyepata pazia alivaa pazia, na wenzake wakampongeza. Sasa kila mtu alivaa alichovaa mwenzake. Mwezi huu kijiji kizima kilivaa suruali pana zinazofagia njia, mwezi ujao suruali zimebana kiasi cha mtu kuhitaji msaidizi wa kuzivua. Wanawake walitia sponji mabegani, na sponji zikaongezeka Jumapili hadi Jumapili, mpaka aliyeketi benchi la nyuma kanisani akawa anaisikia misa tu, haioni. Watoto waliotumwa kumwita mama walirudi na mama wa jirani, na mama huyo, kwa kuwa ameshafika, alikaa akapika.

Katika robota mojawapo Mama Hedwiga, muuza mitumba wa sokoni, alikuta shela la harusi. Lilikuwa jeupe, mikono imevimba kama maandazi, kifua kimejaa lulu za plastiki, na mkia wake ulihitaji watoto wawili wa kuushika. Hakuliuza, alilikodisha. Bibi harusi wa kwanza lilimkwaza mlangoni mwa kanisa. Wa tano aliona linamwinua kidogo kwenye ngazi. Kufikia wa kumi na mbili lilikuwa limeijua kazi, na bibi harusi hakutakiwa kufanya chochote zaidi ya kuingia ndani yake na kufungwa zipu. Lilitembea lenyewe, hatua moja, kituo, hatua moja, kituo. Lilipofika benchi la tatu lilitoa kwikwi mbili za kuagana na wazazi. Lilipiga magoti panapopigwa magoti. Na Padre alipouliza kama bibi harusi amekuja kwa hiari yake, lilijibu "Nakubali" kwa sauti nyembamba iliyotokea maeneo ya kola, na msichana aliyekuwamo ndani akasubiri kufunguliwa zipu jioni.

Hakuna aliyeshangaa, na washangae nini? Katika koo za pale binti hakuwa na desturi ya kujibu. Siku ya posa wageni huketi sebuleni, binti huketi chumbani, na shangazi ndiye hubeba swali kuliingiza ndani na jibu kulitoa nje. Shangazi Otilia, dada yake mzee Tarsisi, alikuwa amebeba majibu ya mabinti kumi na saba, na hakuna hata moja lililomponyoka njiani. Siku ya posa ya Scholastica, dada mkubwa wa Mektilda, shangazi aliingia chumbani, akamwuliza Scholastica chumvi imewekwa wapi, akaambiwa juu ya rafu, akatoka akawatangazia wageni kwamba binti amekubali. Kwa hiyo shela lilipoanza kujibu, watu walisema tu kwamba shangazi amepata msaidizi, tena msafi.

Ikawa harusi bila shela lile si harusi. Waliooana bila hilo waliambiwa wamechukuana. Ignatio mpiga picha alipiga maharusi wote wa shela mbele ya kichaka kimoja cha maua, na picha ziliporudi kutoka Songea zilikuwa na bwana harusi tofauti tofauti na bibi harusi yule yule: shingo imelala upande wa kushoto, tabasamu la wastani, kidevu cha mtu asiyejulikana. Zilitundikwa sebuleni, zikawekewa kitambaa cha kufuma. Majirani wawili walibadilishiwa picha zao kwa bahati mbaya na hawakuona sababu ya kurudishiana.

Sasa Mektilda alikuwa amepata mchumba. Jina lake Cleopa, kijana wa Lituhi, ambaye kila Alhamisi alipanda milimani na lori akileta magunia ya dagaa wakavu. Siku ya kwanza alifika barazani suruali imechanika goti. Mektilda aliishona, na kwa kuwa aliona goti lile limekaa bure, akaliwekea mfuko. Cleopa aliutazama ule mfuko muda mrefu, akatia ndani yake ufunguo wa ghala, akasema maisha yake yote alikuwa anautafutia mahali pa kuuweka. Alhamisi iliyofuata alikuja amechanika kiwiko. Iliyofuata, bega. Kufikia Pasaka alikuwa amechanika kila mahali panapochanika kwa heshima, na ikabidi aseme kilichomleta.

Mektilda alimpenda. Jambo hilo halikuwa na fumbo lolote. Alikuwa akimwaza akitia uzi kwenye sindano na uzi unaingia wenyewe. Siku ya posa alikaa chumbani amejiandaa, na shangazi Otilia alipoingia, alimwambia kwamba safari hii angependa kutoka na kujibu mwenyewe. Shangazi akasema sawa mwanangu, akatoka, akawaambia wageni wa Lituhi kwamba binti amekubali. Ndilo lililokuwa jibu lake hasa, wala hapakuwa na uongo. Lakini Mektilda alijisikia kama mtu ambaye mwenzake kamlia ugali wake, kisha anamwuliza kama ameshiba. Likawa limebaki kanisa peke yake. Alitaka kulisema neno lile kwa mdomo wake, mara moja katika maisha, watu wakisikia, na kama si kanisani hakuna mahali pengine ambapo mtu angemwuliza tena.

Kamati ya harusi ilikaa mara moja ikamaliza. Shela lilishawekewa nafasi na kulipiwa, Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Mzee Tarsisi, ambaye ndiye baba wa bibi harusi na tena mwenyekiti, alikumbusha kwamba wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Shangazi Otilia akakohoa. Mzee akasema alikuwa anakumbusha tu, akanyoosha mkono pamoja na wengine.

Mektilda alikwenda kwa Mama Hedwiga kulijaribu. Alimwamkia, akaitikiwa marahaba mwanangu, akaingizwa ndani ya shela na kufungwa zipu. Lilimkaa vizuri. Lilimkaa vizuri kila mtu, mnene na mwembamba. Akajaribu kutaja jina lake, akasikia kola ikisema "Nakubali." Akaliuliza kimoyomoyo kama linataka chai, kola ikasema "Nakubali." Akaliuliza nyumba ikiungua litokeje, ikawa hivyo hivyo. Alipofunguliwa zipu na kupata sauti yake, aliuliza kwa adabu kama kuna namna ya kulinyamazisha pale mbele kwa Padre, dakika moja tu.

"Mwanangu," alisema Mama Hedwiga akilikung'uta shela vumbi, "hili limeolewa mara thelathini na moja. Wewe umeolewa mara ngapi? Acha wanaojua wafanye."

Mektilda alishukuru. Akaondoka, na badala ya kurudi barazani akashika njia ya Mkumbi, kwa dada yake.

Scholastica alikuwa nyuma ya nyumba akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa ameolewa miaka mitatu iliyopita na Kilian, wakala wa kununua kahawa, mtu mzima mwenye pikipiki. Kilian hakuwa mtu mbaya, na hakuna aliyewahi kusema ni mtu mbaya. Alikuwa akileta sukari, hakupiga, na misa hakukosa. Mektilda alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akaanza kuchambua upande wake wa ungo, wakazungumza habari za kuku, kisha akamwuliza siku ile kanisani alijibu nini.

"Sikujibu," alisema Scholastica. "Nilikuwa bado nafikiri. Nikasikia limejibu."

Alikuwa amepata kijiwe kwenye maharage. Alikitupa mbali kidogo kuliko ilivyohitajika. Mektilda akamwuliza mbona hakumwambia mtu, na Scholastica akasema angemwambia nani, wakati watu wote walikuwa wamesikia jibu. Zaidi ya hapo, baada ya hapo kulikuwa na pilau. Wakamaliza ungo, wakaanza mwingine, na Mektilda aliporudi mjini jioni ile alijua kwamba hataliingia shela lile hata kamati ikae mara kumi.

Alishona la kwake. Alichukua marekani, ile pamba nzito isiyopaushwa rangi ambayo wengine walifanyia mashuka ya hospitali, kwa sababu alipenda inavyotulia. Aliweka mikono yake miwili kama kawaida, mmoja mfupi, mmoja mrefu. Cleopa alimletea kipande cha wavu mkuukuu wa baba yake, akakifua mara nne mpaka harufu ya dagaa ikakubali kutoka, akakipachika mabegani mahali ambapo wengine hutia sponji. Vifungo kumi, kila kimoja na ukoo wake. Mifuko sita. Mkia hakuweka, alisema anakwenda kuolewa, hafagii.

Mama yake alilia siku mbili, siku ya tatu akaomba kulishika, siku ya nne akasema mfuko wa kulia ungesogezwa juu kidogo. Huko Lituhi mama mkwe alituma salamu kwamba atafurahi kumpokea mkwewe, ila watu wa pwani ya ziwa nao wana macho, na watasema kijana wake ameoa mtu aliyetoka kazini. Mektilda alimwuliza Cleopa naye anasemaje. Cleopa alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza mzaha wake, kwa hiyo alicheka kwanza.

"Mimi naoa mtu, fundi," alisema. "Lile shela limeshaolewa vya kutosha."

Jumamosi ilifika. Wageni wa Lituhi walishuka kwenye lori wakiwa na ngoma na samaki wakavu wa ziwani, mbasa, ndani ya matenga. Mektilda alipanda kwenda kanisani kwa miguu, katikati ya wazazi wake, mikono mifukoni. Walipofika kwenye kona ya mikaratusi waligeuka, maana watoto waliokuwa nyuma walikuwa wameanza kuimba wimbo wa bibi harusi tena kutoka mwanzo. Shela lilikuwa linakuja.

Lilikuja peke yake, tupu, limejifunga zipu, linaukusanya mkia wake pale penye vumbi. Lilikuwa limelipiwa Jumamosi hiyo na halikuwahi kukosa Jumamosi iliyolipiwa. Watoto waliliamkia shikamoo, likajibu "Nakubali." Babu mmoja aliyekuwa akiota jua mbele ya nyumba yake alilitazama likipita, akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, akaendelea kuota jua. Kanisani lilifanya mwendo wake wote, hatua moja, kituo, likatoa kwikwi zake mbili kwenye benchi la tatu, kisha likakaa benchi la mbele upande wa wanawake. Wanawake walisogea wakalipa nafasi, na shangazi Otilia akalikunjia mkia ili wasilikanyage.

Padre Stephano alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwahubiria vizuri, wala si kwa muda mrefu, akafungua kitabu mahali penye utepe, akamwuliza Cleopa kama amekuja kwa hiari yake mwenyewe bila kushurutishwa na mtu. Cleopa akasema ndiyo kwa nguvu, mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye kenchi za paa. Kisha Padre akamwuliza Mektilda.

"Nakubali," likasema shela kutoka benchi la mbele.

Padre alikuwa ameisikia sauti ile harusi baada ya harusi na alikuwa amezoea kufunua ukurasa inaposikika. Akafunua ukurasa.

"Padre," alisema Mektilda, "lile ni gauni. Mimi sijajibu."

Padre alimtazama juu ya miwani. Akalitazama benchi la mbele. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyokumbushwa, kwa hiyo akarudisha ukurasa, akauliza tena swali lile lile, neno kwa neno. Na hapo Mektilda, ambaye jibu lake lilikuwa limeiva tangu Pasaka, alipolikuta swali liko mbele yake, lake peke yake, halina mtu katikati, aliona kwamba ni swali kubwa na akaanza kulifikiri.

Hakuna mtu katika kanisa lile aliyekuwa amewahi kumwona bibi harusi akifikiri. Alitia mikono mifukoni. Alifikiri joto la Lituhi, na mchanga kwenye vyuma vya cherehani, na mama mkwe mwenye macho. Alifikiri kwamba hatayaona mapera ya nyumbani ila kwa lori. Alifikiri jinsi Cleopa anavyocheka kabla ya mzaha, akajiuliza kama baada ya miaka ishirini bado atataka kusikia mzaha wenyewe. Shela lilijibu kwa niaba yake mara mbili zaidi, kwa subira. Shangazi Otilia akasimama kusaidia, akasema, "Amekubali, Padre," na Padre akamwomba akae. Jasho lilimtoka Cleopa likaingia kwenye mfuko wa goti. Mama yake Mektilda alishika rozari. Huko mabenchini wanawake walitega masikio kama watu waliosimama mlangoni kwa wenyewe, na wengi wao walikuwa wameacha kumtazama Mektilda, wanalitazama shela.

"Ndiyo," alisema Mektilda. "Nimekuja mwenyewe."

Furaha ilimjaa mpaka akacheka, na Cleopa akacheka naye, na Padre akasubiri wamalize. Vigelegele vilichelewa. Vilipokuja vilitoka kwa wanaume kwanza, ambao hawajui kupiga vigelegele, na hivyo ikabidi wanawake waingie kuwaokoa. Nje ngoma ya Lituhi ilishaanza. Watu wa ziwa walicheza mganda na wanawake wao wakacheza kioda, watu wa milimani wakajifunza hapo hapo, kangara ikanywewa, mbasa wakaisha, na mama mkwe aliomba aonyeshwe kwa karibu jinsi wavu ulivyoshonwa mabegani, akasema lile fundo ni la upande wa mume wake na halikufungwa vibaya. Shela nalo lilikuwepo. Liliulizwa kama litakula, likakubali, likawekewa sahani.

Jumatatu asubuhi wanawake watatu waliowahi kulivaa shela walikuwa barazani kwa Padre. Jumanne walikuwa watano. Hawakuwa na ugomvi na mtu; walileta mayai. Waliomba kila mmoja, kwa wakati wake, aulizwe lile swali. Padre Stephano aliwakaribisha, akawapa chai, na aliwahurumia kweli, usiku wake haukuwa na usingizi mzuri. Lakini aliwaonyesha kwamba kwenye kitabu jibu limeshaandikwa, kwa wino, na kitabu kina muhuri, na swali lile huulizwa mara moja tu, tena kabla ya watoto. Wanawake walisema wameelewa. Walisema asante kwa chai, wakachukua vikapu vyao, wakarudi kwenye kahawa, maana ilikuwa inahitaji kugeuzwa juani.

Kwa upande wa mavazi, hata hivyo, mabadiliko yalikuwa makubwa. Kabla ya mwezi wa Novemba kila mwanamke wa Mbinga alitaka gauni la mifuko sita, mkono wa kulia mfupi, wa kushoto mrefu, vifungo visivyofanana. Hata wenye mashoto, ambao wangefaidika na kinyume chake, waliutaka mkono mfupi kulia. Waliomiliki vifungo vinavyofanana waliviuza kwa hasara. Sponji zilitolewa mabegani zikajaza mito. Mafundi wa baraza nzima walishona usiku na mchana, isipokuwa Mektilda, aliyekuwa akimwuliza kila mteja anataka kutia nini mifukoni, na mteja asiyejua alimwambia akafikiri kwanza. Watoto walianza tena kurudi na mama wa jirani. Mektilda mwenyewe alipitwa njiani na mama yake mzazi, ambaye alimwita Bernadeta, akidhani ni binti wa jirani.

Mama Hedwiga hakuwa mtu wa kuachwa nyuma. Alilipeleka shela kwa fundi, likapunguzwa mkono wa kulia, likapachikwa mifuko sita ya satini, na kuanzia hapo likakodishwa kwa bei mpya kama shela la kisasa. Maharusi walilipenda sana. Walitembea nalo mikono ikiwa mifukoni, hatua moja, kituo. Padre Stephano, ambaye sasa alikuwa akiuliza polepole na kungoja kidogo, aliuliza, akangoja, na kola ikajibu "Nakubali," naye akafunua ukurasa.

Siku Mektilda alipokuwa ahamie Lituhi, kazi za wateja zimekwisha, Scholastica alikuja barazani. Lori lilikuwa halijafika. Cherehani ilishafungwa kwenye gunia, Mektilda ameikalia, anakula pera. Scholastica hakuwa amevaa mifuko sita. Alivaa kitenge chake cha siku zote. Alisema hana haraka, kisha akakaa kwenye ngazi na kutazama barabara. Alimwuliza mdogo wake kama bado anayakumbuka maneno ya Padre. Mektilda alisema anayakumbuka yote.

"Basi niulize," alisema Scholastica.

Mektilda aliweka pera chini. Akapangusa mikono, akasimama, kwa kuwa Padre husimama.

"Scholastica," alisema, "umekuja hapa kwa hiari yako mwenyewe, bila kushurutishwa na mtu?"

Scholastica alifikiri. Lori la kahawa lilipita, likapanda kilima chote, likapotea upande wa pili, na vumbi lake likatua juu ya ngazi na juu ya magoti yake, naye alikuwa bado anafikiri. Mektilda hakumharakisha. Aliona uso wa dada yake ukibadilika kidogo kidogo, shingo ikinyooka, mpaka ukawa uso anaoujua, wa wakati wakilala kitanda kimoja na kugombea blanketi.

"Hapana," alisema Scholastica.

Alilisema vizuri, bila hasira, na lilipotoka alitabasamu meno yote. Mektilda akasema amesikia. Wakakaa pamoja kwenye ngazi, wakamaliza pera lile, nusu kwa nusu. Kisha Scholastica akauliza ni saa ngapi, akaambiwa saa tisa na nusu, akainuka akajifunga kitenge sawasawa, maana Mkumbi ni mbali, na Kilian hurudi saa kumi na moja na hupenda kukuta maji ya kuoga yameshachemka.